Breki za Nyuma

Tok.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ukucha unaogonga kikombe, na ilitoka gizani. Umeme ulikuwa umekatika muda mfupi baada ya chakula cha jioni, na jikoni hapakuonekana hata kiganja. Mama Chiriku hakuwa ameacha kupampu. Alikuwa ameibana kalipa katikati ya magoti, mpira wa pampu ya baiskeli umechomekwa kwenye tundu la mafuta, na alikuwa ameshaisikia pistoni ikilegea ndani. Alihofu kwamba akipumzika itaghairi. Sasa ilikuwa imetoka. Ilianguka juu ya kitambaa alichotandika, ikagusa ukingo wa sufuria, ikatulia.

"Umevunja nini?" Mama mkwe aliuliza kutoka chumbani.

"Sijavunja, mama. Nimetoa."

"Umetoa nini?"

"Pistoni."

Mama mkwe alifikiri kidogo. "Haya, hongera. Ikilia utaniambia, tuipe jina."

Mama Chiriku alicheka peke yake, akapapasa kitambaa mpaka vidole vikaigusa. Ilikuwa baridi, mviringo, imekwaruzika kwa kutu upande mmoja tu. Aliishika hivyo gizani kwa muda, kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa aliyeanza kupata nafuu.

Kalipa, kama hujapata kuishika, ni chuma kizito cha ukubwa wa ngumi mbili, kinachokaa juu ya sahani ya breki kama koleo juu ya kaa. Dereva akikanyaga, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi, pedi zinaibana sahani, na gari linasimama. Hii ilikuwa haijasimamisha kitu tangu yeye akiwa msichana mdogo. Ilikuwa ya gari la mumewe, gari dogo la spoti, la milango miwili na pua ndefu, lenye umri mkubwa kuliko wa mwenyewe. Lilikuwa limeshakaa juu ya magogo kwenye kibanda cha nyuma siku alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi. Mama mkwe ndiye aliyemtembeza na kumtambulisha. "Hapa ni jiko. Pale bafu. Na huyu ni mke mwenzio. Hali, hanywi, hasemi, lakini usidanganyike, ana ndimi za kumwita mume."

Kweli alikuwa nazo. Mume alikuwa fundi wa lifti katika nchi ya mbali, na alirudi mara moja kwa mwaka, kwa likizo fupi kama usingizi wa mama mwenye mtoto mchanga. Likizo iliyopita aliimaliza yote chini ya lile gari. Breki zake za nyuma hazikukaa magurudumuni kama za magari mengine. Zilikaa katikati, zimeegemea difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu ya nyuma, na kuzifikia ni kulala chali juu ya saruji. Basi akalala chali. Akaitwa chai, akajibu anakuja. Akaitwa chakula, akajibu bado bolti moja. Mkewe alipitisha siku akitazama miguu miwili iliyotokeza chini ya gari, soksi moja imetoboka kidoleni.

Kilichomuuma zaidi alikuwa mtoto. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu akiamka ni kuimba mpaka alale, alikuwa akikokota kigoda chake kila asubuhi na kukaa kando ya miguu ile. Anakaa hapo, anaongea na kuongea. Mama yake alimwona kama mtu anayesubiri nje ya ofisi ambayo haifunguliwi, na moyo ukamkatika. Siku baba alipoondoka, kalipa zilikuwa bado zimefungwa palepale.

Ndipo Mama Chiriku alipojiapia. Likizo ijayo hataikuta bolti hata moja ya kumwita. Alitaka kitu kimoja tu duniani, na hakikuwa kikubwa: mume akae mezani, mtoto awe mapajani mwake.

Masomo ya sekondari alikuwa ameyamalizia kwenye darasa la jioni, akinyonyesha chini ya kanga huku akiandika. Chuo kilekile kilikuwa na karakana. Alijiandikisha ufundi wa magari, mwanamke peke yake kati ya vijana waliomwita shangazi kwa dharau wiki ya kwanza, na kwa heshima wiki ya tatu. Mwalimu wao, mzee mfupi waliyemwita Grisi kwa sababu hata mashati yake ya sikukuu yalikuwa na alama zake, alimuuliza anataka kujifunza nini hasa.

"Breki za nyuma," alisema.

"Na za mbele?"

"Za mbele mume wangu alishazimaliza."

Mume hakuambiwa. Alipiga simu mchana wakati wa kupumzika, akiwa ndani ya mashimo ya lifti ambako mtandao ulibeba sauti tu na kuikataa picha. "Mke mwenzio hajambo?" aliuliza kila mara. "Hajambo, amefunikwa," mkewe alijibu, na huo haukuwa uongo. Kisha simu ilipewa Chiriku, naye akamweleza baba habari zote za mtaa bila kuvuta pumzi, mpaka salio likakata kauli.

Vifaa alileta mume mwenyewe bila kujua anamletea nani. Huko aliko alikuwa akizunguka kwa wauza vyuma vya kale, akitafuta bolti za asili: za kipimo cha inchi, vichwa vidogo vyenye chapa, zilizopakwa rangi ya dhahabu iliyofifia. Kila aliyerudi nyumbani alimtwika soksi. Ndani ya soksi, bolti mbili au tatu, au pini, au springi nyembamba ya kuzuia pedi zisigongane. "Usiruhusu mtu afunge bolti ya dukani," alimwambia mkewe kwenye simu. "Inaingia mizunguko miwili, inakwama, ukiilazimisha inakula meno ya kalipa. Kila kinywa na meno yake, Mama Chiriku." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekaa peke yake kwenye shimo refu, na mkewe alizipanga zile soksi kabatini karibu na nguo zake. Zilinuka mafuta ya mashine na sabuni asiyoijua. Siku nyingine alifungua kabati bila kutafuta nguo.

Kazi ilikwenda polepole, kwa vile ilipangwa katikati ya kufua, kupika na kumwogesha mtoto. Alisugua kutu kwa brashi ya waya, akamaliza kwa msasa laini aliouloweka. Alizing'oa raba za zamani zilizokuwa ngumu kama maganda, akaweka mpya, akizipaka mafuta ya breki kwa ncha ya kidole, kwa upole uleule wa kumpaka mtoto mafuta masikioni. Kwenye kalipa ya kulia, mahali pa pini ya kushikilia pedi, alikuta msumari. Msumari wa mbao, uliopindwa.

"Fundi gani huyu?" alisema.

Mama mkwe aliuchukua, akautazama kwa mbali na kwa karibu. "Huyu si fundi. Huyu alikuwa anatundika picha." Yeye alikuwa amejipa kazi ya kuchambua bolti kwenye sinia, ndefu huku, fupi kule, macho yake makali kuliko ya mtu yeyote nyumbani. Alilisema gari vibaya mchana kutwa, na hakuipoteza hata washa moja, kile kipete cha chini ya bolti.

Mwalimu Grisi alikuja siku moja kuwaonyesha pa kuweka magogo mapya. "Jeki si rafiki wa kulala chini yake," alisema, akanywa chai, akaenda zake. Yaliyobaki Mama Chiriku aliyafanya mwenyewe, chali, kutu ikimwingia nywelani. Alipokaza bolti ya mwisho na kuona kile kichwa kidogo cha dhahabu kikikaa mahali pake kama kilizaliwa hapo, alilala kimya chini ya gari muda mrefu zaidi ya haja. Kulikuwa na utulivu kule. Akaelewa kidogo kwa nini mtu angependa kukaa.

Ikabaki kutoa upepo. Mafuta ya breki hayapatani na upepo: ukibaki humo hata kidogo, mguu unakanyaga hewa na gari linaendelea na safari. Kwa hiyo mmoja hukanyaga pedali, mwingine huko chini hufungua kijinati, upepo hutoka na mafuta kupitia mrija mpaka kwenye chupa, kisha hufunga upesi kabla mguu haujaachia. Mama mkwe aliketi kwenye kiti cha dereva, kilemba kikigusa paa.

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia. Hivi ndivyo nilivyomshikilia mwanangu asilinunue hili dude."

"Achia."

"Na hilo ndilo kosa nililofanya."

Walikanyaga na kuachia mpaka mguu wa mama mkwe ukafa ganzi, wakabadilisha wa kushoto. Chupa ilijaa, kopo la mafuta likaisha, wakafungua jingine. Pedali ilikuwa laini kama mto. Kesho yake wakarudia, ikawa laini vilevile. Siku za kurudi kwa mume zilikuwa zimekaribia kiasi kwamba Chiriku alikuwa ameanza kumtangazia kila mpita njia. Mama yake aliketi juu ya gogo, akajifuta macho kwa mkono wa gauni, akampigia mwalimu.

"Kijinati cha kutolea upepo," Grisi aliuliza, "kinatazama wapi?"

Aliinama akachungulia. "Chini."

Upande wa pili wa simu mzee alianza kucheka, si kwa ubaya, kicheko cha mtu aliyekutana na rafiki wa ujanani. "Binti, upepo hupanda. Wewe umemfungulia mgeni mlango sakafuni, naye yuko darini. Umeweka ya kushoto kulia."

Ndivyo ilivyokuwa. Kalipa hizo mbili zinafanana kama jozi ya viatu vipya, na zinaingia pande zote mbili bila kulalamika. Aliishusha kazi yake yote, akaipandisha upya, kushoto kushoto, kulia kulia, na safari hii mama mkwe alikanyaga mara chache tu kabla hajatoa kichwa dirishani.

"Mwanangu, imegoma. Kama ninakanyaga kizingiti."

"Haijagoma, mama. Imepona."

Walikumbatiana pale kibandani, mikono michafu, mmoja akinuka mafuta na mwingine karafuu.

Mume alifika asubuhi, na sanduku lake na kikohozi cha safari. Mgeni njoo mwenyeji apone, mama mkwe alisema mlangoni, akamshika mwanawe mashavu yote mawili. Mkewe alimpokea sanduku, akaona amekonda shingoni, akaona ndevu zina mvi moja ambayo haikuwepo. Alitamani kuigusa. Chiriku, aliyekuwa akimwimba wiki nzima, alimtazama yule mtu mrefu kuanzia viatu mpaka uso, akajificha nyuma ya bibi yake na hakutoa hata neno.

Baada ya chai alikwenda kibandani, kama walivyojua ataenda. Mkewe alimfuata akijifanya anatafuta ndoo. Alimwona akichuchumaa, akichungulia, akinyoosha mkono na kugusa kichwa cha bolti. Akaingia akakaa, akakanyaga. Pedali ikamkatalia.

"Nani?" aliuliza.

"Mke mwenzake."

Akashuka, macho yamelowa, akaichukua mikono yake na kuigeuza, akakuta kovu la spana kwenye kidole gumba. "Hizi bolti," alisema. "Umezifunga zote mahali pake. Mimi nisingeweza vizuri hivi." Na kwa kweli alikuwa amefurahi. Lakini mkewe, aliyeujua uso ule kwa kuukumbuka kuliko kwa kuuona, aliona pia kitu kingine kikipita, kama mtu aliyefika kituoni akakuta gari limeondoka.

Siku zilizofuata alikaa mezani. Alikaa, na mtoto hakuja. Alimnyooshea mkono, mtoto akaangua kilio. Alimpa kidoli, kikapokelewa na bibi kwa niaba yake. Chiriku alikula akiwa amempa mgongo, na mdomo ule usiojua kufungwa ulifungwa kila yule mtu alipoingia chumbani. Mume akaanza kuzunguka na bisibisi. Alikaza bawaba ya dirisha, akakaza bomba ambalo halikuvuja. Mkewe alilala kando yake usiku na kumsikia yuko macho, na aliona ajabu kwamba mtu anaweza kuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake na bado ukamkumbuka.

Jioni moja walikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mume alikuwa anakaza mkono wa sufuria.

"Hakuchukii," mkewe alisema. "Hajakuzoea."

"Najua." Alizungusha bisibisi. "Wajua kwa nini sikutoka chini ya gari mwaka jana?"

"Kutu."

"Kutu ningeimaliza siku mbili." Hakumtazama. "Nilipotoka nje alilia, kama sasa. Nilipolala kule nikaomba spana, akaja. Alikaa karibu na miguu yangu akanieleza habari za paka wa jirani, na meno ya bibi yanavyolala kwenye glasi. Sauti yangu anaijua, Mama Chiriku. Ni ya kwenye simu. Sura ndiyo ya mtu mwingine. Basi nikawa nafungua bolti, naifunga tena. Nafungua, nafunga."

Mkewe aliikumbuka miguu ile na kile kigoda, na akaona alikuwa ameusoma ukurasa ule juu chini. Mwaka mzima alikuwa amekesha na kuchubuka ili aufunge mlango mmoja tu ambao mtoto wake aliuingilia kwa baba yake.

Asubuhi, wengine wakiwa bado wanapiga mswaki, alikwenda kibandani, akatandika gunia, akalala chali. Alijua kila bolti mahali ilipo. Hakuzigusa zile za dhahabu. Alichagua bomba dogo la mafuta linaloingia kwenye kalipa ya kushoto, akaliwekea spana, na mkono ukakataa. Ilikuwa kazi yake. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alivuta pumzi, akalegeza, na mafuta yakaanza kutona kwenye sinia.

"Unafanya nini wewe?" Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi.

"Naharibu, mama."

Bibi alitazama sinia, akatazama nyumba, ambako mwanawe alikuwa akikagua kitasa kizima. Alipuliza chai yake. "Haya," alisema. "Basi haribu vizuri."

Alipotoka nje alimkuta mumewe uani. "Breki ya kushoto imeingia upepo," alimwambia.

"Imeingiaje? Jana ilikuwa jiwe."

"Kwa spana."

Mumewe aliviona vidole vyake vinang'aa mafuta. Akavua shati lake zuri, akalitundika kwenye kitasa, akaingia chini ya gari, mpaka ikabaki miguu.

Mama Chiriku aliketi kwenye kiti cha dereva. Mrija waliupitisha mpaka nje, chupa wakaiweka sakafuni mahali pa wazi. Aliisikia sauti ya mumewe ikipanda kutoka chini, ya simu kabisa, ya shimoni: "Nahitaji mtu wa kunihesabia mapovu. Kuna mtu hapo?"

Nyayo ndogo zilisimama mlangoni mwa kibanda. Zikasogea. Kigoda kikakwaruza saruji.

"Nipo," alisema Chiriku.

"Nipo nani?"

"Mimi. Bibi amesema gari limekula hewa."

"Limekula. Chupa usiiguse, itazame tu kwa macho. Ukiona povu, sema."

"Naliona. Na lingine. Lile limepasuka." Kisha mlango wa maneno ukafunguka. Alimweleza kuhusu povu, na kuhusu sabuni, na paka wa jirani aliyepata watoto, na mtu mmoja mrefu aliyekuja nyumbani ambaye hukaza vitu.

"Ni mkali?" sauti iliuliza.

"Hapana. Ana huzuni. Anakula peke yake upande wake."

Kwenye kiti cha dereva Mama Chiriku aliushika usukani kwa mikono miwili.

"Kanyaga," alisema mumewe.

Alikanyaga. "Shikilia." Alishikilia. "Achia." Chini ya mguu wake pedali ilikuwa ikipanda na kukaza, kila mara kidogo, mpaka akajua kwa unyayo kwamba upepo umekwisha. Hakusema. Na yeye kule chini lazima alijua, lakini aliomba akanyage tena, naye akakanyaga, na tena. Angekanyaga mpaka mguu ufe. Nje ya kibanda jua lilikuwa limefika kwenye shati lililotundikwa.

"Mapovu hakuna," alitangaza Chiriku.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna." Alingoja. Mama yake alimwona kwenye kioo cha pembeni akiinuka kwenye kigoda, akipangusa mikono kwenye gauni kama wafanyavyo watu wazima wakimaliza kazi. Akachuchumaa, akaweka shavu karibu na saruji, akachungulia gizani chini ya gari.

"Baba, toka nikuone."